Kitanda cha Thelathini na Nane

Ncha ya kitambaa bado imo kiganjani mwa Nyamizi. Wiki nzima ameishikilia pale nyuma ya jukwaa, na nyinyi wiki nzima mmekuwa mkipiga simu gazetini mkitaka nimruhusu aiachie arudi jikoni. Msomaji mmoja wa Kahama ameandika kwamba ninamtesa mwanamke wa watu. Ndugu yangu, simtesi mimi. Anayemtesa ameketi meza ya mbele, amevaa suti ya kijivu, na shingoni ana skafu ya mgeni rasmi.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, mambo ni haya. Kituo cha watoto cha Buyegi, mjini Shinyanga, kinafanya hafla ya kuchangisha fedha za bweni. Nyamizi ni mpishi wa kituo hicho. Binti yake Mageni, mwenye miaka sita, analala hapo hapo na wenzake thelathini na sita. Mumewe, Jilala, alikuwa mchimbaji huko Geita, kwenye duara la Mzee Bujiku, shimo liitwalo Namba Saba.

Mwezi wa pili, siku ya Jumanne, Namba Saba liliporomoka. Mzee Bujiku akasema shimo lilikuwa tupu. Akasema Jilala na wenzake watatu walikuwa wamemwibia mifuko ya mawe tangu Jumamosi, wakakimbilia Chunya, wala hawakukanyaga tena kazini. Nyamizi akasema hapana, mume wangu Jumapili alikuwa nyumbani, na jioni alipanda basi kurudi machimboni. Wakamwambia alikuja kukuaga, mama, wewe tu hukujua.

Tangu siku hiyo Nyamizi si mke, si mjane. Kwao Kolandoto hakuna matanga yaliyokaliwa. Wakwe zake wakimwona wanavuka barabara.

Leo Mzee Bujiku, mgeni rasmi, ameleta mfuko mmoja wa mawe ya dhahabu upigwe mnada kwa ajili ya watoto. Aliyeubeba ni George, mlinzi wa duara. Na George alipoutua miguuni mwa Nyamizi, alisema maneno matatu tu.

"Angalia fundo, mama."

Nyamizi aliangalia. Mfuko umefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani, chenye ndege wa njano.

Mliokulia machimboni hamhitaji kuelezwa, lakini wa Dodoma nao wananunua gazeti. Kila kundi linaloshuka shimoni hufunga mifuko yake kwa kitambaa chake, ili siku ya mgao watu wasitoane ngeu. Na mfuko ukishafungwa, fundo halifunguliwi mpaka ufike kwenye mashine ya kusagia mawe. Ukilifungua kabla, wanasema, dhahabu inakimbia. Mzee Bujiku ana magari matano na ghorofa mbili, lakini hilo analiogopa mpaka leo. Aliuleta mfuko na fundo lake, kama ulivyotoka chini.

Jumapili ile ya mwisho vitambaa vya Jilala vilikuwa vimekwisha. Nyamizi alichana upindo wa kitenge chake kipya, kwa meno, kipande kimoja, akampa. "Nitakununulia kingine," Jilala alisema.

Kitenge chenyewe ndicho alichokivaa leo, chini ya aproni.

"Mfuko uje jukwaani," akaita mshereheshaji, Pantaleo, kwenye kipaza sauti. "Mfuko wa baraka, ndugu zangu, haujaguswa fundo. Humu inaweza kuwa mawe, inaweza kuwa gari."

Ukumbi ukacheka. Vijana wawili wa Mzee Bujiku wakaja kuuchukua.

"Mama, toa mkono."

Nyamizi hakutoa. Wakauvuta mfuko, naye akavutwa nao, akajikuta jukwaani na aproni yake yenye mafuta, mbele ya wageni mia mbili.

"Huyu ni mpishi wetu," Pantaleo akasema haraka. "Leo ameupenda mfuko kuliko pilau."

Wakacheka tena. Mnada ukaanza, ukapanda, ukapanda zaidi. Waliobaki wakishindana walikuwa wawili, kisha akabaki Alhaji Salmini, muuza vitenge wa mjini, mzee wa miwani minene ambaye hutoa sadaka bila kupiga picha.

"Kwa Alhaji, mara ya kwanza. Mara ya pili."

"Naomba kuuliza kitu kabla ya mara ya tatu," Nyamizi akasema.

Hakuwa na kipaza sauti, lakini alisimama karibu na cha Pantaleo, na ukumbi mzima ukasikia. Pantaleo akamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa, kwa upole, aruhusiwe.

"Mzee Bujiku, shikamoo."

"Marahaba, mayu," akaitikia, kwa lile neno la Kisukuma la kumwita mtu mama.

"Mfuko huu umetoka shimo gani?"

"Namba Saba. Nimesema tangu mwanzo. Huu ndio wa mwisho uliovutwa juu kabla shimo halijaharibika. Nimeutunza stoo miezi saba. Nikasema huu hauuzwi, huu ni wa watoto."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja wa meza ya tatu akamshukuru, wabeja sana, baba.

"Aliufunga nani?"

"Vijana ni wengi, mayu. Nitajuaje?"

Nyamizi akavua aproni. Akapiga magoti kando ya mfuko, akaushika mwisho wa kitenge chake pale ulipochanika, akauleta mpaka kwenye ncha ya kitambaa. Kwenye kitenge palikuwa na ndege wa njano asiye na kichwa. Kwenye mfuko palikuwa na kichwa. Akavisogeza vikakutana, na hata uzi mmoja haukuzidi.

Meza ya mbele wakasimama ili waone. Meza ya pili wakasimama ili wawaone wa meza ya mbele wanaona nini.

"Kitambaa hiki nilimpa mume wangu Jumapili," Nyamizi akasema. "Nyinyi mnasema hakurudi shimoni."

Msidhani Mzee Bujiku alitetemeka. Watu wa aina yake hawatetemeki mbele ya watu. Alipangusa mdomo kwa karatasi, akajibu kwa sauti ya baba mkwe.

"Ni kitambaa cha mumeo, sawa. Nimekataa lini kwamba alinifanyia kazi? Aliufunga siku za nyuma, kabla hajaniibia, mfuko ukakaa chini mpaka ukavutwa. Jumapili, Alhamisi, mtu mwenye uchungu huchanganya siku. Mwacheni mama, hana kosa."

Ukumbi ukapumua. Wengi walifurahi kupumua, maana chakula kilikuwa kinapoa. Pantaleo akainua mkono kumalizia mara ya tatu.

"Samahani kidogo," akasema Alhaji Salmini.

Alisimama polepole, akasogea mpaka kwenye mfuko, akainama, akakigusa kitambaa kwa vidole viwili kama anavyofanya dukani.

"Hiki nimeuza mimi. Jora la ndege wa njano nilipata moja tu. Nililifungua Jumamosi asubuhi, wiki ile ambayo Jumanne yake ndipo shimo liliporomoka. Mteja wa kwanza alikuwa kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Tulivutana bei mpaka nikachoka. Akaniambia mke wangu hajavaa kitu kipya tangu tuzae. Nikampunguzia."

"Ni Jilala," Nyamizi akasema.

"Jina sikumuuliza, mwanangu." Alhaji akageuka. "Lakini Mzee Bujiku, wewe ulitangaza kwamba Jumamosi ile kijana huyo alikuwa Geita akikuibia mifuko. Alikuwa dukani kwangu. Na kitenge ambacho kabla ya Jumamosi kilikuwa ndani ya karatasi yake, kimefikaje kwenye mfuko wa shimo ambalo unasema hakurudi?"

Wapiga muziki wakaacha kurekebisha nyaya.

Mzee Bujiku akaivua skafu ya mgeni rasmi. Akaikunja mara mbili, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Nimekuja kujenga bweni," akasema. "Msingi, kuta, bati, vitanda arobaini. Kama mnataka mahakama, mahakama zipo, nendeni. Lakini nikitoka hapa natoka na ahadi yangu."

Hapa ndipo ningependa kuwaandikia kwamba ukumbi mzima ulisimama upande wa Nyamizi. Haukusimama. Watu waliangalia sahani zao. Mmoja alisema jambo kama hili lizungumzwe kesho, kifamilia. Mwingine alisema watoto wasihusishwe. Ninawajua watu hao, wengine ni wasomaji wangu, na wakikasirika na gazeti hili waache kulinunua. Pantaleo akaashiria muziki, muziki ukapigwa, na Alhaji Salmini peke yake akatoka nje kutafuta mtandao ili awapigie polisi.

Nyamizi akashuka kwa mlango wa nyuma. George alikuwa jikoni, amesimama kati ya majiko ya mkaa, mikono haina pa kukaa.

"George. Walikuwemo?"

"Walikuwemo, Mama Mageni. Wote wanne."

"Walikufa hapo hapo?"

George akayaangalia masufuria.

"Waligonga," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kamba juu. Siku mbili niliwasikia wakigonga matimba, zile nguzo za mbao za ukutani. Nikamwambia bosi tuchimbe pembeni, tutawafikia. Akasema tukichimba, serikali itakuja na kufunga mashimo yote. Siku ya tatu akaleta tingatinga, akafukia. Akanipa pikipiki."

"Wa mwisho kugonga alikuwa nani?"

"Sijui."

"Unajua."

"Jilala alikuwa akigonga mara tatu, halafu moja. Tulimzoea hivyo, ndivyo alivyotuita tuvute kamba." George akajipangusa uso kwa kiwiko. "Ya mwisho ilikuwa tatu na moja."

Nyamizi akashika ukingo wa meza. Miezi saba alimwombea mumewe arudi salama kutoka Chunya. Miezi saba alimtukana pia, siku ambazo njaa ilimzidi na akamfikiria na mwanamke wa huko. Sasa alitamani ayarudishe matusi yale mdomoni, moja moja, ayameze. Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Hawakufika Namba Saba. Huko mchimba shimo huingia na mwenye shimo hubaki juu, anahesabu mifuko.

"Utayasema haya polisi?"

"Nitayasema. Tangu mwezi wa pili sijalala vizuri. Jumatatu iliyopita nilimwambia bosi nimechoka, nataka kwenda kwa wazee wa hao vijana niwaambie walipolala watoto wao. Hakugomba. Akasema subiri hafla ipite. Akasema nije na Violeth wangu, naye aone sherehe." Akaangalia mlango wa ukumbini. "Niache nimchukue mtoto kwanza. Yuko kule mbele. Nikishamshika mkono, twende kwa Alhaji."

"Nenda upesi."

George akaingia ukumbini. Mlango ulipojifunga, ulifunguka mwingine, na Mama Zamoyoni, mkurugenzi wa kituo, akaingia na mkoba wake kifuani. Akafunga milango yote miwili kwa ufunguo.

"Nyamizi, mwanangu. Kaa."

"Sikai."

"Watoto thelathini na saba. Mvua ikinyesha wanajazana wanne wanne kitanda kimoja kukwepa matone. Mageni wako ni mmoja wao. Huyu mtu akiondoka na ahadi yake, nitawaweka wapi?"

"Mume wangu amewekwa wapi, mama?"

Mama Zamoyoni akafumba macho.

"Sikuombi unyamaze maisha yote. Nakuomba mpaka kuta zisimame. Umesahau nilivyokupokea? Hiki ni kituo cha mayatima watupu. Hapa hakuna mtoto asiye na cheti cha kifo cha baba yake. Mageni nilimwingiza bila karatasi hata moja, kwa sababu nilikuhurumia, kwa sababu niliona..."

Akaacha hapo hapo. Aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Sufuria la chai lilikuwa linachemka, hakuna aliyelitazama.

"Mwezi wa pili," Nyamizi akasema taratibu. "Nilikuja hapa mwezi wa pili ule ule. Kila mtu mjini anasema baba yake Mageni yuko Chunya anakula vya wizi. Wewe ulijuaje kwamba mwanangu ni yatima?"

Aliyekaa sasa ni Mama Zamoyoni. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Mzee Bujiku, mfadhili wetu, ndiye huleta majina," akasema. "Wiki ile alileta manne. Akasema wapokee, usiwadai cheti. Sikumuuliza. Nilijua kuna jambo na sikuuliza. Nilijiambia angalau watoto watakula."

"Wamekula. Mimi ndiye niliyewapikia."

"Nisamehe."

Kusamehe ni kazi, na jioni ile Nyamizi hakuwa na nguvu ya kazi nyingine. Alitaka ufunguo tu. Akanyosha mkono.

Mama Zamoyoni hakutoa ufunguo. Alifungua mkoba, akatoa daftari jeusi, lile ambalo kila mtoto wa Buyegi ameandikwa siku aliyoingia.

"Kuna jina jingine," akasema. "Nililetewa jana na dereva wake. Nilidhani ni makosa ya kuandika. Tangu umesimama pale jukwaani nimeacha kudhani. Soma mwenyewe."

Nyamizi alisoma. Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, mwandiko mzuri wa mkurugenzi wake.

Kitanda namba 38. Jina: Violeth George. Umri: miaka saba. Mama: amefariki. Baba: amefariki. Kuanzia Jumatatu.

Alisoma tena pale penye baba. Jivu la mkaa alilolikanyaga baba huyo lilikuwa bado limeacha alama ya kiatu sakafuni.

"Ufunguo," Nyamizi akasema.

Alipata ufunguo. Alikimbia kupitia ukumbini, katikati ya wageni waliosimama na sahani, akimgonga Pantaleo begani, nusura amwage chungu cha mchuzi. Meza ya mbele, kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kitupu. Skafu ilikuwa bado imekunjwa pale pale. Wale vijana wawili waliovuta mfuko hawakuwepo, na mfuko wenyewe haukuwepo.

Nje, Alhaji Salmini alikuwa na simu sikioni.

"Ndiyo, afande. Wanne. Geita, ndiyo. Nasubiri." Akamwona Nyamizi, akaishusha simu.

"Alhaji, umemwona George?"

"Yule mlinzi? Ametoka sasa hivi na bosi wake. Nilimwita, hakugeuka. Walimweka katikati, kijana mmoja huku, mmoja huku, nikadhani wanamsaidia kubeba mfuko." Akaonyesha kwa kidole taa mbili nyekundu za gari, mbali, zikiiacha barabara ya mjini na kushika njia ya Geita. "Kwani kuna nini?"

Nyamizi alifungua mdomo amwambie. Ndipo alipomwona mtoto.

Kando ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa msichana wa miaka saba, miguu haifiki chini. Mapajani alikuwa na begi jipya la shule, bado lina karatasi ya dukani. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama Mageni."

"Marahaba, Violeth." Nyamizi alichuchumaa mbele yake. "Baba yako amekwenda wapi?"

"Amekwenda kazini na bosi. Mimi nilitaka kumsubiri hapa." Mtoto akalivuta begi karibu zaidi na kifua. "Lakini bosi amesema nisisubiri, kitanda changu kiko tayari."